Yule Mrundi Aliyefunga Pesa za Régine

Mmeniomba niwaandikie maneno mawili matatu ya ushauri kabla sijasahau kila kitu. Kwanza, sijasahau kitu. Pili, mtu anayetaka ushauri haombi siku ya kuagana huku mdomo umejaa keki. Anaomba Jumanne asubuhi, mteja akiwa amekaa mbele yake analia na yeye hajui aanzie wapi. Lakini haya, nimestaafu, mvua ya Bruxelles haijali kama mtu yuko likizo ya milele, na kahawa ipo. Nitaandika. Habari za vyeo sitaandika, vilikuwa vichache. Habari za mshahara nazo mnazijua, maana ndizo hizohizo mnazolalamikia kila mwisho wa mwezi.

Nilianza katika ile ofisi yetu ya kona, hatua chache kutoka Chaussée d'Ixelles, kabla haijapakwa hiyo rangi ya kijani ambayo mpaka leo sijui nani aliichagua. Tulikuwa mawakala: bima za gari, bima za nyumba, na akiba za watu. Patron aliniajiri kwa sababu moja tu. Wateja wengi walitoka Matonge, mtaa wa Wakongo pale jirani, wengi wao Wakatanga, na walipokasirika walikuwa wanaacha Kifaransa na kuingia Kiswahili, basi hakuna aliyejua wanamtukana nani. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Kiswahili nimekinyonya. Nikawekwa mbele, karibu na mlango, mahali penye baridi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa papa mmoja, mzee wa Lubumbashi, suti ya kahawia, kofia magotini. Nikamweleza bima ya nyumba kwa utaratibu, nukta kwa nukta, kama nilivyosoma. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maman, weye unasema Swahili ya kitabu. Alors, sasa ongea kama muntu." Nilitaka kumjibu, nikameza. Siku ile nilimeza mengi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Godelieve, Mbelgiji, Mflamandi wa Berchem-Sainte-Agathe, mrefu, mkavu, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kabla ya saa sita mchana. Alikuwa na ile mashine ya kupigia hesabu inayotema karatasi. Mteja akibisha, Godelieve alikuwa anachana karatasi na kuiweka mbele yake bila neno. Mashine hiyo aliniachia mimi. Mwaka jana nikaikuta ndani ya sanduku karibu na mapipa ya taka, imetupwa na mmoja wenu, na sitamtaja kwa sababu anajijua. Ilikuwa bado inafanya kazi.

"Zaituni," Godelieve aliniambia wiki ile ya kwanza, "mteja ana mifuko miwili. Mmoja uko wazi, mmoja umefungwa. Kazi yako ni kujua nini kinaingia wapi. Mengine yote ni makaratasi."

Nawarudia kama alivyonieleza, kwa sababu nimewasikia mkiwaeleza wateja, na nimetoka nje kuvuta hewa. Mfuko wa wazi ni akaunti ya kawaida ya uwekezaji. Unaweka leo, unatoa kesho, hakuna wa kukuuliza. Lakini serikali imesimama mlangoni: hisa zako zikigawa faida, inakata thelathini kwa mia hapohapo kabla hujaigusa. Mfuko uliofungwa ni ile akiba ya uzeeni. Ukiweka, serikali inakurudishia sehemu ya kodi yako kila mwaka. Pesa inakua ndani bila kuguswa, na serikali inangoja. Ukifika sitini inakata mara moja, kidogo, nane kwa mia au kumi kulingana na aina ya akiba. Ila ukivunja mlango kabla ya sitini, inachukua thuluthi nzima, na haikupi hata pole.

Basi ndipo hesabu inapoanza. Vitu vinavyotema riba na faida kila mwaka, vipeleke kwenye uliofungwa, huko havikatwi njiani. Kwenye ule wa wazi weka mfuko wa hisa usiogawa kitu, ule unaorudisha faida ndani ikaendelea kukua kimyakimya. Mimi Mwislamu, riba siili, lakini njia zake nazijua zote, kama daktari anavyoujua ugonjwa. Na mfuko uliofungwa una kikomo chake kila mwaka, kwa hiyo tajiri haingizi vyote. Maskini ndiye anayeweza kufungia kila kitu alicho nacho. Hilo Godelieve hakulisisitiza, na ndilo lililokuja kunisumbua baadaye.

Alichosisitiza ni swali moja. Usiulize kwanza kiasi gani, uliza lini. Utaihitaji lini? Akijibu lini, nusu ya kazi imekwisha. Ninyi mnampa mteja karatasi ya maswali mengi, je, unapenda hatari, chagua moja mpaka saba. Jamani! Muulize mama aliyekimbia vita na watoto mgongoni kama anapenda hatari. Mmoja wao alinitazama akaniuliza, "Hatari ya namna gani, maman? Ya kweli ao ya ku papier, ya hii karatasi?"

Sitaki kusema sana kuhusu mwezi wa kumi na mbili, damu itanipanda. Mwaka mzima ofisi tupu, unasikia friji ikinguruma. Halafu wiki ile ya mwisho, mtu amebeba samaki wa sikukuu katika mfuko wa plastiki, samaki anadondosha maji kwenye zulia, na yeye anataka kuweka akiba yote ya mwaka leo, sasa hivi, kabla mlango wa kodi haujafungwa. Ukimuuliza alikuwa wapi mwezi wa tatu, anakwambia akiba haiozi. Akiba haiozi, sawa. Lakini huliwa.

Ndivyo alivyoingia Régine, wiki hiyohiyo, ila yeye hakuwa na samaki. Alikuwa mama wa Likasi, miaka arobaini na kitu, mfupi, mabega mapana, koti la kazi bado liko mwilini. Alikuwa anahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee kule Laeken: kuwanyanyua kitandani, kuwaosha, kuwarudisha kitandani. Alikaa kwenye kiti kwa hatua tatu, kama mtu anayeshusha mzigo, na nikajua ni mgongo.

Nikauliza swali la Godelieve. Lini?

"Soixante," akasema, yaani sitini. "Nikifika soixante, nataka kufanya mi-temps. Nusu. Mugongo yangu haitafika soixante-six, ile sitini na sita ya kustaafu, maman, hata nikiiombea. Donc ile nusu ya mushahara yenye itapungua, nataka ikuye imenilalia mahali."

Jibu zuri kama hilo sikupata mara nyingi. Nikachukua kalamu nimgawie: kiasi hiki kwenye uliofungwa, kiasi hiki kwenye ule wa wazi.

"Apana," akasema. "Unifungie yote."

"Yote?"

"Yote. Usiache hata kidogo."

"Na ukiugua? Na mashine ya kufulia ikikufa?"

"Nitafua na mikono. Écoute, maman. Ile ya wazi haiko ya miye. Ile ya wazi iko ya famille. Banasikia harufu yake kutoka Likasi."

Nikamweleza tena, polepole. Nikamchorea. Nikamwambia kuvunja kabla ya wakati ni thuluthi, nikapiga mashine, nikamchania karatasi. Akaikunja vizuri akaitia mkobani, akasema, "Aksanti. Sasa funga yote." Wallahi nilitaka kulia kwa hasira. Mtu anakuomba umfungie chumbani na utupe ufunguo, halafu anakushukuru.

Hapo simu yake ikalia. Akaitazama, akanitazama mimi, akaiweka mezani kwa sauti kubwa ili nisikie. Alikuwa mdogo wake, Dieudonné, kule Likasi, anayemwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Régine, ni vile nilikuambia. Ile moto ya Célestin, ile pikipiki, banaiuzisha bei ya chini. Kama unatuma ile franga hii semaine, miye natafuta kazi ya taxi, na…"

"Dieudo, franga iko imefungwa. Ni serikali ya huku njo imefunga. Hata miye mwenyewe siwezi kufungua."

Ile sauti ikasema, bila hasira, kwa heshima kabisa, "Bon. Kama ni serikali."

Na simu ikakatwa. Msidhani Régine alikuwa bahili. Kila mwezi alikuwa anatuma kwa mama yake, hakuruka hata mwezi mmoja, na karo za watoto wa Dieudonné ni yeye. Lakini ndugu akijua kuna pesa imelala, kwake hiyo si akiba, ni pesa isiyo na kazi, na yeye anayo kazi ya kuipa. Kumkatalia ndugu ni ubaya. Serikali kukukatalia si ubaya wa mtu. Godelieve alinifundisha kodi zote za nchi hii, lakini ile kodi kubwa kuliko zote, ya simu, hakuijua. Angeijuaje? Huko Berchem-Sainte-Agathe ndugu zake walikuwa wanapiga simu sikukuu ya Pasaka tu.

Bado sikukubali. Nilimwambia wazi kwamba siwezi kumwacha mtu bila mlango wa dharura, na kama hataki mfuko wa wazi basi atafute ofisi nyingine. Tukabishana mpaka Godelieve akatoa kichwa chumbani kwake. Mwisho tukapatana hivi. Sehemu kubwa ifungwe, katika zile aina mbili za akiba ya uzeeni. Sehemu ndogo iwe ya wazi, lakini bila kadi, bila kuonekana kwenye simu, na barua zake zije ofisini. Akitaka kutoa, aje mwenyewe, akae kwenye kile kiti, aniambie sababu machoni.

"Na kama sababu haiko mzuri, utanikatalia?" akauliza.

"Sheria hainipi haki ya kukukatalia hata senti moja. Pesa ni zako. Ninachoweza ni kukuangalia tu."

Akacheka. "Ile inatosha. Uko na macho mubaya."

Akaongeza sharti lake. "Na usinionyeshe kamwe iko ngapi. Maman yangu akiniuliza, siwezi kumudanganya. Nisipoyua, sidanganyi." Kila mwaka nilimwita tukae tuangalie hesabu, na kila mwaka alifunika macho kwa mkono kama mtoto, akasaini pale nilipoweka kidole, akaondoka. Niliudhika kila mara. Kumbukeni neno hilo la kutotaka kuona, kwa sababu ndilo lililotaka kumponza.

Yaliyofuata ni kosa la mdomo wake. Kwenye simu, neno "serikali" lilichakaa, ndugu wakaanza kuulizauliza, basi akawaambia kuna Mrundi mmoja Bruxelles, mwanamke, mkali, ndiye anayefunga. Akawaambia na akina mama wenzake wa Likasi walioko hapa. Loo! Wote wakaja. Walitaka "kufungiwa na Murundi," hivyohivyo, kama vile ni aina ya akaunti. Patron alifurahi. Mimi nikawa adui wa nusu ya Katanga. Walikuwa wanapiga simu ya ofisi: mchungaji anayetaka bati za kanisa, binamu anayetaka mahari, shangazi ambaye hakutaka kitu, alitaka tu kunilaani na kunitakia heri ya mwaka mpya. Wote walimuulizia "Madame Murundi". Siku moja nilikuwa kwa msusi pale Matonge, kichwa nusu kimesukwa, mama wa kiti cha pili akanigeukia.

"Pardon, maman. Ni weye ule Murundi mwenye kufunga franga ya batu?"

"Ndiyo mimi."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Nilizani uko munene."

Godelieve aliponiuliza huyu Murundi anayepigiwa simu kila siku ni nani, nikamweleza yote, tangu Dieudonné na taxi yake. Alicheka mpaka akavua miwani, na ilikuwa saa nne asubuhi. Miaka michache baadaye akastaafu, akaniachia mashine na kile chumba chenye dirisha. Ushauri wake wa mwisho ulikuwa niongeze swali moja baada ya lini. Niulize pia nani atapiga simu.

Sasa nifike pale penyewe. Ilikuwa imebaki miezi michache tu Régine afikishe sitini. Mgongo ulikuwa umezidi, alikuwa anakuja na mkanda ndani ya nguo, na kila akinisalimu alikuwa anasema, "Karibu, maman, karibu tunafika." Halafu asubuhi moja akaingia bila salamu. Mvua imemlowesha, nywele zimemwagika usoni, na kulikuwa na mteja mbele yangu. Yule mteja alimwangalia tu, akainuka mwenyewe akampisha.

"Vunja," Régine akasema.

"Vunja nini? Kaa kwanza."

"Sikai. Vunja ile ya soixante. Maman eko hôpital. Banasema bamupeleke Lubumbashi bamupasue, na clinique inataka avance, malipo ya kwanza, mbele ya yote. Dieudo analia kwa simu, Maman Zaituni. Dieudo, analia! Vunja yote."

"Régine, imebaki miezi michache tu. Ukivunja leo wanachukua thuluthi."

"Bachukue! Bachukue tiers yao! Maman yangu iko moja!"

Thuluthi ile niliijua ni nini. Ilikuwa ndiyo ile nusu ya siku aliyokuwa anaisubiri. Wakichukua ile, angerudi kule Laeken kunyanyua wazee mpaka mgongo umlaze karibu nao. Na nani angemwambia mtu asimtibu mama yake? Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia sheria, nikamkasirikia Mflamandi wangu aliyestaafu na kuniacha peke yangu na kiti kile.

"Na ya wazi?" nikauliza.

"Ya wazi gani?"

"Mfuko wako wa wazi, Régine."

"Ule uko umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Na weye!"

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Miaka yote ile alikuwa amesema kwenye simu kwamba yote imefungwa, yote, Murundi ameshika, na macho alikuwa anafunika, barua alikuwa hazioni, mpaka mwenyewe akauamini uongo wake. Ile aliyoiacha kwa ajili ya siku kama hii, aliihesabu kuwa haipo. Alikuwa anataka kuvunja mlango wa sitini na huku mlango wa pili uko wazi nyuma yake.

Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe. "Régine! Mimi kufuli? Mimi ni karani! Nilikwambia siku ya kwanza siwezi kukukatalia hata senti! Kaa chini!"

Akakaa. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Kwanza akafunika macho kwa mazoea. Nikamshusha mkono, mimi mwenyewe, kwa nguvu. Akaisoma ile namba kwa Kifaransa, polepole, akarudia.

"Iko ya miye, hii?"

"Ni ya nani mwingine? Ya mchungaji?"

"Na inatosha avance?"

"Inatosha avance na kupasuliwa, na kitanda, na nauli yako ukitaka kwenda."

Basi akacheka na kulia pamoja, kelele mpaka patron akashuka ngazi. Akanishika mikono juu ya meza. "Maman Zaituni, sasa juu ya nini uliniacha niamini uongo yangu?" Eti mimi ndiye nilimwacha! Nilikuwa na majibu mengi, nikameza, kama siku ya kwanza. Tukauza sehemu ya ule mfuko siku hiyohiyo, serikali ikachukua chake kidogo, na kabla ya wiki kwisha pesa ilikuwa Lubumbashi. Ile ya sitini hatukuigusa.

Mama alipasuliwa, akapona. Alhamdulillahi. Nami niliendelea na kazi zangu, mpaka simu ya ofisi ikalia mchana mmoja. Namba ya Congo. Nikajiandaa kulaaniwa.

"Ni weye Murundi?" Sauti ya kizee, kavu, ina pumzi fupi.

"Ndiyo mimi, maman."

"Miye ni mama yake na Régine. Ni weye ulilipa docteur?"

"Hapana, maman. Ni mtoto wako. Pesa ni zake."

"Nayua. Nilitaka kusikia kama utasema ni za weye." Akavuta pumzi. "Na ile ingine? Ile ya mugongo wake. Ingali imefungwa?"

"Ingali, maman."

"Bon. Usimufungulie juu yangu. Hata nikikufa. Batakuambia franga ni ya matanga, ya ng'ombe, ya bière. Matanga banakula benye kubakia. Miye nitakuwa nimelala, sitakula kitu. Unasikia?"

"Nimesikia, maman."

"Dieudo eko hapa karibu, naye anasikia. Nimeweka simu kwa sauti." Nikasikia mtu akikohoa kwa mbali. "Bakia muzuri, mwanangu. Endelea na ubaya wako."

Nilibaki nimeshika simu, na machozi yalinitoka, sioni aibu kuyaandika. Miaka yote nilikuwa namnyima mama huyu, au nilidhani namnyima.

Régine akafika sitini. Serikali ikakata nane yake kwa mia kwenye akiba moja, kumi kwenye ya pili, ikatosheka. Akaja amevaa kitenge kipya, amejipaka mafuta, akakaa kwenye kiti kwa zile hatua zake tatu. Nikamwambia asitoe yote: ile akiba ya nane aendelee kuijaza mpaka sitini na nne, kwa sababu ikishakata pale sitini hairudi kukata tena, na rudisho la kodi la kila mwaka linaendelea. Atoe kwenye ile ya kumi, kidogokidogo, kufidia mshahara.

"Weye Maman!" akasema. "Mulango imefunguka, na weye ungali unasimama mbele yake?"

"Ndiyo kazi yangu. Sasa utafanya nini na hizo siku zako za bure?"

Alifikiri. Nilitegemea aseme safari, au duka, au kanisa.

"Nitakaa," akasema. "Miye nataka kukaa, maman. Kukaa tu."

Na anakaa. Nimepita kwake Laeken siku moja ya Jumatatu, nikamkuta sebuleni miguu juu ya kigoda, saa tano asubuhi, na hakuinuka kunifungulia. Alipiga kelele kutoka kitini, mlango uko wazi.

Basi huo ndio ushauri wangu. Wapangieni watu kodi zao vizuri, hisa huku, riba kule, mnajua. Lakini ulizeni lini, na ulizeni nani atapiga simu. Na hiyo programu yenu mpya ya simu, mtu anatoa akiba yake kwa kidole gumba huku anakula chipsi barabarani, mimi sina la kuiambia. Dole gumba halina macho mabaya. Mmenieleza kwamba wateja wanaipenda. Bila shaka wanaipenda, na ndugu zao wanaipenda zaidi.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini wiki iliyopita simu yangu ya nyumbani ililia, namba ya Congo. Dieudonné. Namba alipewa na dada yake, nami nina maneno na dada yake.

"Imefungwa," nikasema, kabla hata ya salamu.

"Yambo, Maman. Apana, sipigii ile ya yaya."

"Unapigia nini basi?"

Niliisikia Likasi nyuma yake, pikipiki, watoto, mtu anaita mtu.

"Nilipata kazi ku mine, kule banachimba shaba, Maman. Contrat ya kweli. Sasa mwisho ya mwezi batu bananingoya ku mulango. Banayua siku, banayua kiasi. Siwezi kubakatalia, ni bandugu. Na miye niko na batoto." Akashusha sauti. "Weye, huku banakuogopa. Bote. Donc nilisema nikuulize… unaweza kunifungia na ya miye?"

Hasira yote ya miaka ile ilirudi. Nikamwambia nimestaafu. Sina ofisi, sina kiti, sina hata mashine, wameitupa. Nikamwambia sheria za Ubelgiji hazimhusu yeye wala mshahara wake, na mimi siwezi kupokea hata faranga moja kutoka kwake.

"Nayua, Maman," akasema. "Sitakutumia kitu. Franga itabakia huku, naificha miye mwenyewe. Uniruhusu tu niseme uko nazo."

Nikainua kikombe. Kahawa ilikuwa imepoa.

"Haya," nikamwambia. "Sema."

Tangu juzi, simu zimeanza kulia tena.